Picha ya Mke ni Amana ya Nani?



Pasiansi ni mtaa ulio upande wa kaskazini wa mji wa Mwanza, kwenye barabara iendayo uwanja wa ndege, na Ziwa Victoria haliko mbali nao. Ukipita pale baada ya alasiri utasikia Kisukuma, na utasikia Kiswahili cha kila namna, na baadhi yake ni kile cha Tanga na Pangani na Unguja. Watu wa pwani hawakuanza jana kwenda Mwanza. Walikuwepo wakati wa misafara, na reli ilipofika huko mwaka 1928 wakazidi. Katika nyumba moja ya mtaa huo anakaa mjomba wangu, mzee wa Tanga aliyekwenda bara mwaka 1967 kufanya kazi katika meli za ziwani, na hakurudi tena pwani ila kwa harusi na kwa misiba.

Mwaka 1968 alishuka Tanga akaoa, kisha akarudi Mwanza peke yake, kwani alikuwa na chumba kimoja tu cha kupanga na hakupenda kumweka bibi harusi humo. Mkaza mjomba alibaki kwa mamake karibu mwaka mzima. Katika mwaka ule, siku moja baada ya sala ya adhuhuri, alijifunika buibui lake akafuatana na wifi yake mpaka kwa mpiga picha wa Kihindi. Wakafunga mlango. Akavua buibui, akakaa juu ya kiti kichwa wazi, nywele zimesukwa vizuri, kikuba cha asumini kifuani, akapigwa picha moja. Ilipokuwa tayari aliinunua, akanunua na negativu yake pia, na ile negativu akaichoma jikoni kwa mkono wake. Picha akaitia katika bahasha, bahasha akaishona ndani ya kitambaa, na kitambaa akampa mzee mmoja wa ukoo aliyekuwa akienda Mwanza kwa gari la moshi. Nyuma ya picha aliandika jina la mumewe na tarehe, kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofundishwa chuoni mabinti wa siku zile.

Picha hiyo ilikaa katika sanduku la mjomba miaka zaidi ya hamsini. Mimi niliyelelewa mlangoni pake sikuwahi kuiona, wala sikujua kama ipo.

Mkaza mjomba alifariki mwaka juzi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Miezi michache baadaye mjukuu wao, kijana mwema asiye na neno, alikuwa akitafuta hati ya kiwanja ndani ya lile sanduku. Akaiona bahasha. Akaitazama picha, akalia, kisha akafanya lile ambalo kila kijana wa leo angelifanya. Aliipiga picha ile picha kwa simu yake, akaipeleka katika kundi la ukoo pamoja na maneno ya kumwombea bibi yake. Haikupita saa moja ndugu wa Tanga, wa Mombasa na wa Maskati wote wameshasema Masha Allah. Mjomba hakujua lolote. Alikuja kujua msikitini, baada ya magharibi, pale mtu ambaye si wa ukoo wetu alipomshika mkono akamwambia kwa nia njema kabisa kwamba marehemu alikuwa mzuri mno katika ujana wake.

Alirudi nyumbani asiseme neno mpaka isha ikapita. Kisha akaniuliza mimi, niliyekuwa mgeni wake wiki ile, "Mwanangu, nani amempa ruhusa?" Kijana akasema, "Babu, ni kichwa tu, na bibi hayupo tena." Wote wawili wakanitazama. Sikuwa na jibu. Haya ninayokuandikia, msomaji, ni yale niliyoyatafuta baada ya usiku ule, na sidhani kwamba nyumba yetu ndiyo peke yake yenye bahasha ya namna hiyo.

Tuanze mbali kidogo. Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa mbele ya watu mjini Paris mwaka 1839, na haukuchukua muda mrefu kuingia katika nchi za Waislamu. Wako wanaodhani kwamba kamera ililetwa kwetu na makafiri, na kwamba Waislamu walikuwa wakipigwa picha tu. Sivyo. Aliyepiga picha za kwanza za mji wa Madina, mwaka 1861, alikuwa afisa wa jeshi la Misri, Muhammad Sadiq Bey, na yeye ndiye aliyepiga picha za Makka karibu na mwaka 1880. Naye Sultan Abdul Hamid wa Pili wa Uthmania alikusanya majuzuu ya picha za dola yake, akayatuma kwa serikali za Marekani na Uingereza mwaka 1893 na 1894 ili waone shule zake na hospitali zake.

Wanavyuoni walikhitilafiana, na khitilafu hiyo ingaliko. Wako waliozichukua hadithi zinazowaonya wenye kutengeneza sura wakaziweka juu ya kamera pia, kama alivyoona Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia, aliyeruhusu penye dharura tu. Na wako walioona kwamba kamera haiumbi kitu, bali hukizuia kivuli alichokwisha kukiumba Mwenyezi Mungu, mfano wa kioo kilichoshika sura isiondoke. Huo ndio mwelekeo wa Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri katika miaka ya Vita Kuu vya Kwanza, ambaye aliandika risala mahsusi juu ya jambo hili, na Sheikh Yusuf al-Qaradawi akaufuata katika kitabu chake cha halali na haramu kilichotoka mwaka 1960. Sitaki kukupeleka ndani ya mjadala huo, kwani si mahali pake na mimi si wa kuuhukumu. Nataka uone jambo moja tu. Hata hao walioruhusu hawakusema kwamba kilicho haramu kutazamwa kwa macho huwa halali kikiwa karatasini. Kama kivuli ni kivuli, basi ni kivuli cha mtu, na mtu ana wenyewe.

Sasa tuje pwani yetu. Picha ya mwanamke iliyo mashuhuri kupita zote katika historia ya Unguja haikupigwa Unguja. Ni ile ya Sayyida Salme binti Said, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Alimpenda Mjerumani aliyekuwa jirani yake mjini, Heinrich Ruete, akatoroka kwa manowari ya Kiingereza mwezi wa Agosti 1866, na mwaka uliofuata huko Aden akabatizwa na kuolewa siku hiyo hiyo. Alipofika Hamburg aliketi mbele ya kamera amevaa mavazi ya kifalme ya kwao, suruali na kanzu na vito, uso wazi. Fikiri, ndugu msomaji. Kwao, katika nyumba ya babake, asingelimwonyesha mwanamume wa nje uso huo bila ya barakoa. Na huko Hamburg mavazi yale hayakuwa tena mavazi ya kila siku. Yalikuwa mavazi ya picha. Mumewe alikufa kwa ajali ya tramu mwaka 1870, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Mwaka 1886 alitoa kitabu cha maisha yake, na sura ile ikatembea pamoja na jina lake mpaka leo. Utaikuta katika vitabu, katika kuta za makumbusho, na katika maduka ya watalii. Kwa hiyari yake alikaa mbele ya kamera, hilo kweli. Lakini sidhani kwamba binti wa miaka ishirini na kitu aliyeingia studio siku ile alijua kwamba ataingia katika kila duka la Forodhani.

Yeye walau jina lake lilibaki. Wenzake hawakubakiwa na hata hilo. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 palikuwa na wapiga picha Unguja wenye studio zao, wengi wao Wagoa: A. C. Gomes na mwanawe, ndugu wa Coutinho, na Pereira de Lord. Walipiga picha za masultani na mabalozi, na kazi zao nyingi ni za heshima; bila yao tusingelijua Mji Mkongwe ulikuwaje. Lakini biashara yao kubwa ilikuwa kadi za posta. Meli zilitia nanga, abiria wakashuka kwa saa chache, kila mmoja akataka kadi ya kutuma kwao Ulaya. Kadi zilizouzika sana zilikuwa za mnazi, za jahazi, na za mwanamke.

Nimeziona baadhi ya kadi hizo. Mwanamke amesimama amefunga kanga, au amelala juu ya mkeka mkono umeshika shavu, au kifua chake kiko wazi kwa namna ambayo hapana mwanamke wa mjini angelitoka nayo barazani. Chini yake pamechapwa maneno ya kigeni yanayosema kwamba huyu ni mrembo wa Kiswahili, au msichana wa Unguja. Jina hapana. Wengi wa wanawake waliokubali kazi hiyo walikuwa maskini, na hapana shaka baadhi yao walitoka utumwani, maana utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897 tu. Hatujui walilipwa nini. Twajua kwamba mtu wa Hamburg au wa Marseille ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika aliweza kumweka mwanamke wetu mfukoni kwa senti chache, akamtumia rafiki yake na stempu juu yake. Lile la kuonyeshana wanawake kwa picha, ambalo leo twalilaumu juu ya simu, lilikuwa limekwisha kuwa biashara kamili miaka mia na zaidi iliyopita.

Na hapo ndipo utakapoelewa kwa nini bibi zetu waliiogopa kamera. Watu husema walikuwa washamba, waliogopa kwamba kamera itawachukua roho. Labda wako waliosema hivyo. Lakini mwanamke aliyeona kadi ile ikining'inia dukani hakuhitaji kuamini uchawi wowote ili ajifunike uso mpiga picha apitapo. Alijua vizuri sana inachukua nini.

Mambo yaligeuka pale watu wetu wenyewe walipoanza kulipa. Aliyelipa alichagua akae vipi, na picha iende kwa nani. Ranchhod Oza alifungua studio yake, Capital Art Studio, mjini Unguja mwaka 1930, baada ya kufanya kazi kwa Gomes, na mwanawe Rohit akaja kuiendeleza. Mombasa palikuwa na N. V. Parekh, aliyeanza katika miaka ya 1940 na ambaye studio yake ilipendwa mno na Waswahili na Waarabu na Wahindi wa mji ule. Lamu palikuwa na Omar Said Bakor, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1993, fundi wa ajabu aliyejifunza mengi kwa kujaribu mwenyewe. Mwanamume akitaka sura yake itokee katikati ya ua, au ndani ya moyo, au amesimama juu ya kiganja cha mkono, Bakor alikata, akabandika, akapiga tena, ikatoka kama ilivyotakiwa. Leo simu hufanya hayo kwa sekunde moja na hapana anayeshangaa.

Studio za siku zile zilikuwa na pazia lililochorwa mandhari, minazi au ngazi za jumba la kifalme au ndege. Palikuwa na kiti cha enzi, simu isiyo na waya, redio, ua la karatasi. Kwa Parekh walikuja bwana na bibi, wengine wapya wa ndoa, wakakaa bega kwa bega, au mkono wa bwana juu ya kiti nyuma ya mabega ya mkewe, nyuso zikielekea juu kama wanavyoelekea wachezaji wa filamu za Kihindi. Msomaji mwenye umri wangu anazikumbuka filamu za Raj Kapoor na Nargis, na namna *Awara* ya mwaka 1951 ilivyojaza sinema za pwani yetu yote. Vijana hawakuona mfano mwingine wa namna bwana na bibi wanavyoweza kutazamana mbele ya watu. Nyumbani wazazi hawakushikana mikono mbele ya watoto. Basi waliazima kutoka Bombay. Wazee wengine walichukia, na nawaelewa. Lakini nikizitazama picha hizo leo, naona staha ndani yake kuliko nilivyotarajia. Wengi wa waliopigwa walikuwa wanandoa, na picha yenyewe ilikuwa ndogo, ya kutia ndani ya bahasha, si ya kutundika barabarani.

Hata hivyo hatari haikuwa imeondoka. Ilihamia kwa watu watatu. Wa kwanza ni mpiga picha aliyeona kwa jicho lake. Wa pili ni yule kijana wa chumba cha giza aliyeisafisha filamu na kuitundika picha kwenye kamba ikauke. Wa tatu alikuwa dirisha. Studio nyingi zilikuwa na dirisha la kioo mbele, na humo mwenye studio alipanga picha zilizotoka vizuri kabisa ili zivute wateja. Mwanamke alikwenda kupigwa picha ya mumewe aliye safarini, na baada ya mwezi mashemeji wote wa mji wakawa wamemwona akichekelea pale kona. Kwa ajili hiyo wako waliokuja na negativu yao nyumbani, kama alivyofanya mkaza mjomba. Yeye hakusoma hukumu ya mufti wa Misri. Lakini alijua kwamba aliye na negativu ndiye aliye na picha, na karatasi uliyopewa ni nakala tu.

Usidhani kwamba hayo ni ya kwetu peke yetu. Huko New York palikuwa na mpiga picha mashuhuri sana, Alfred Stieglitz. Mwaka 1917 alianza kumpiga picha mchoraji kijana, Georgia O'Keeffe, ilhali yeye mwenyewe bado ni mume wa mtu mwingine. Alimpiga mikono, uso, shingo, na pia mwili bila ya nguo, picha zaidi ya mia tatu katika miaka ishirini. Mwezi wa Februari 1921, karibu miaka minne kabla hawajaoana, akazitundika zaidi ya arubaini katika maonyesho mbele ya watu. Mji mzima ukaja kutazama. Tangu hapo waandishi waliotazama michoro ya bibi yule, hata ikiwa ya ua tu, walikuwa wakiuona mwili wake ndani ya ua, na yeye akachukizwa nalo mno, akakaa miaka mingi akijitahidi kulivua vazi hilo la fikira walilomvika. Alipokuwa na umri wa miaka tisini, mwaka 1978, makumbusho makubwa ya New York yalizionyesha tena, safari hii yeye mwenyewe akichagua ipi ionekane na ipi isionekane, na akaandika dibaji ya kitabu chake. Mumewe alikuwa amekufa tangu mwaka 1946. Wajuzi wa sanaa husema kazi ile ni bora katika aina yake, na huenda ni kweli. Mimi natazama lile jambo dogo tu: kwamba ilimchukua mwanamke mwenye jina kubwa, mwenye mali na mwenye akili, zaidi ya miaka hamsini mpaka kupewa kalamu ya kuchagua picha zake mwenyewe.

Na tukirudi kwetu Mwanza, wako wanaokumbuka filamu iliyotoka mwaka 2004, *Darwin's Nightmare*, aliyoitengeneza Hubert Sauper, Mwaustria, juu ya biashara ya sangara na ndege zinazobeba minofu kutoka uwanja ule ule ambao barabara yake inapita Pasiansi. Filamu ilisifiwa sana Ulaya, ikashindania tuzo ya Oscar, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete akaikemea kwa kuupaka mji matope. Watu walibishana juu ya samaki na juu ya silaha. Mimi sikumsahau binti mmoja aliyemo humo, rafiki wa marubani wa kigeni, aliyekaa mbele ya kamera akaimba wimbo wa nchi yake. Kabla filamu haijakamilika alikuwa ameuawa na mmoja wa wanaume waliomnunua. Uso wake ukaenda Venice na Paris na Los Angeles. Mamake, kama alikuwa hai, hakuna aliyemuuliza.

Kitu kimoja kilikuja kubadilisha mizani kwa muda, nacho ni ile kamera ya papo kwa papo aliyoitoa Edwin Land huko Marekani mwaka 1948, ambayo sisi tuliijua kwa jina la Polaroid. Wapiga picha wa kuzunguka walikuja nayo pwani na bara, wakakupiga, wakaipunga karatasi hewani, ukajiona. Ilikuwa ghali. Lakini haikuwa na negativu wala chumba cha giza. Palikuwa na nakala moja tu duniani, na aliyekuwa nayo mkononi ndiye aliyekuwa nayo. Wanandoa walioipata wakaipenda kwa sababu hiyo.

Simu ikageuza mizani yote upande wa pili. Sasa bwana na bibi hawahitaji mtu wa tatu ndani ya chumba, na hapo ungelidhani siri imerudi kwa wenyewe. Kinyume chake, kila picha huzaliwa ikiwa na negativu isiyochomeka. Iko katika simu ya mume, iko katika simu ya mke, iko katika hazina ya kampuni ya ng'ambo bila ya wao kujua, na siku kioo kinapopasuka simu inakwenda kwa fundi wa kona pamoja na neno la siri, kwa sababu fundi amesema hawezi kuijaribu bila hilo. Nimewahi kumuuliza fundi mmoja, si wa Pasiansi, kama huona asiyopaswa kuona. Alicheka akatazama chini.

Kisha huja talaka. Mahari huzungumzwa, watoto huzungumzwa, vyombo vya ndani huhesabiwa mpaka vijiko. Picha hazitajwi. Nimehudhuria vikao vya kusuluhisha ndoa si haba, na sijasikia hata mara moja mzee akiuliza, "Na zile picha?" Qur'ani imewafananisha mume na mke na vazi, kila mmoja vazi la mwenziwe, katika Sura ya pili. Vazi likivuliwa halikabidhiwi wapita njia. Na ipo hadithi aliyoipokea Imamu Muslim ambayo ndani yake Mtume (s.a.w.) amemweka miongoni mwa watu waovu kabisa Siku ya Kiyama yule anayekuwa faragha na mkewe kisha akaitoa nje siri yake. Siku hizo siri ilitolewa kwa ulimi tu, na ulimi husahauliwa.

Serikali nazo zimelitazama jambo hili, kila moja kwa jicho lake. Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, inayokataza kusambaza picha chafu kwa kompyuta na simu, na mwaka 2022 ikatunga sheria ya kulinda taarifa binafsi. Kenya, katika sheria yake ya mwaka 2018, ilitaja waziwazi kosa la kusambaza picha za faragha za mtu, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Uganda ilikwenda njia nyingine. Ilitunga sheria dhidi ya ponografia mwaka 2014, na mwaka huo huo picha za mwanamuziki mmoja zilipotolewa, ikisemwa ni mpenzi wake wa zamani aliyezitoa, waziri wa maadili alitaka yeye mwanamke akamatwe. Mahakama ya Katiba ilivibatilisha vifungu vikuu vya sheria hiyo mwaka 2021. Najua wako miongoni mwetu watakaosema waziri alikuwa sawa, kwani mwanamke yule alikosa tangu alipokubali kupigwa. Nami sisemi kwamba hakukosa. Lakini mtu akivunjiwa nyumba usiku, hatumfungi kwa kuwa alinunua dhahabu.

Sasa nirudi katika swali la mjomba, kwani hata baada ya safari hii yote lingaliko pale pale. Kijana hakuiba. Hakukusudia ubaya. Picha ile si ya aibu. Ni mwanamke ameketi, kichwa wazi, kwa ajili ya mumewe. Nikampelekea swali sheikh mmoja ninayemheshimu, akaniambia kwamba mauti hayaondoi haki ya mtu ya kusitiriwa, ndiyo maana hata maiti tunamwosha chini ya nguo. Nikamweleza kijana hayo, kwa upole, tukiwa tumekaa nje. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulifikiria: mbona ile picha ya mkaza mjomba iliyobandikwa kwenye kitambulisho chake waliitazama makarani kumi na hakuna aliyeona vibaya? Nikamwambia ile alijipigia serikali, na hii alimpigia mtu mmoja. Tofauti haimo katika karatasi. Imo katika yule aliyekusudiwa, na mwanamke mwenyewe alikwisha kumwandika nyuma kwa jina, kwa wino, ili asikosewe.

Hilo alilikubali. Akageuza picha ile, akaitazama ile herufi asiyoweza kuisoma, akaniomba nimsomee.

Usiku ule ule aliandika yeye mwenyewe katika kundi la ukoo, akaomba radhi kwa babu yake, akawaomba jamaa waifute. Walio wengi walijibu kwamba wamefuta. Wengine hawakujibu. Na yule mtu wa msikitini hakuwa katika kundi letu hata mara moja. Aliipata kwa mwanawe, na mwanawe kwa rafiki yake, na hapo uzi ukakatika.

Mjomba ameirudisha picha ndani ya bahasha. Amemwita binti yake mkubwa, anayekaa naye hapo Pasiansi, akamwusia kwamba siku atakapokufa yeye, bahasha ile ichomwe kabla watu hawajaingia ndani kuhesabu vitu. Binti ameitikia. Lakini siku iliyofuata alirudi kwa babake akamwambia kwamba hana picha nyingine ya mamake akiwa kijana, akamwomba amwachie yeye, na atakula yamini kwamba haitatoka mikononi mwake. Mpaka naandika haya mzee hajamjibu.